Akina Carol wa Bahari Mbili

Mwishoni mwa Februari 1960, watu wa Mauritius walikuwa bado wanarudishia mapaa yaliyoezuliwa na kimbunga Alix mwezi mmoja tu nyuma, kilipowajia kingine. Hiki kiliitwa Carol. Upepo wake ulipuliza hadi kilomita 256 kwa saa, halafu ukakata ghafla. Jicho la kimbunga lilikuwa pana kiasi cha kukimeza kisiwa kizima, na kwa saa kadhaa kukawa shwari. Upepo uliporudi ulivuma kutoka upande wa pili, ukazisukuma nyumba zilizokwisha kulegea kuelekea kule ambako hazikuwa na egemeo. Watu 42 walipoteza maisha, makumi ya maelfu ya nyumba zikabomoka, na miwa iliyokuwa ikikilisha kisiwa ikalala chini. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya nyumba za zege kwa walioachwa bila makazi. Mitaa hiyo ingalipo hadi leo, na wazee wa Mauritius wakisema “Carol” hawahitaji kuongeza neno.

Mzee wa Providence au Boston, kaskazini mashariki mwa Marekani, naye akilisikia jina hilo haulizi ni Carol gani. Kwake ni kimbunga cha tarehe 31 Agosti 1954, kilichoua zaidi ya watu 60. Bahari iliingia katikati ya mji wa Providence ikafunika magari yaliyoegeshwa mitaani. Boston, mnara wa kanisa la Old North, lenye heshima kubwa katika historia ya uhuru wa Marekani, uling'oka ukaanguka.

Majanga mawili, bahari mbili, miaka isiyozidi sita kati yake, jina moja. Ilikuwaje?

Wamarekani walianza kuvipa vimbunga vya Atlantiki majina mwaka 1950, wakitumia maneno ambayo wanajeshi waliyatumia kutaja herufi redioni: Able, Baker, Charlie, Dog. Kila mwaka orodha ilianza upya ileile. Charlie cha 1950 kilizunguka baharini kikaisha. Charlie cha Agosti 1951 kiliua watu zaidi ya 150 nchini Jamaika. Anayesoma kumbukumbu za miaka hiyo asipotazama tarehe hujikuta amechanganya msiba na upepo uliopita mbali.

Mwaka 1953 maneno hayo yaliachwa, yakaja majina ya wanawake. Karibu orodha hiyohiyo ikatumika tena mwaka uliofuata. Kwa hiyo Carol alikuwepo mwaka 1953 pia: kimbunga kikali mno, ila nguvu zake nyingi ziliishia baharini. Mwaka 1954 ulitoa hata Alice wawili. Wa kwanza aliingia kaskazini mwa Meksiko mwezi Juni na kuufurisha mto Rio Grande. Wa pili alivipiga visiwa vya Karibi mapema Januari 1955, akapewa jina la kwanza katika orodha ya mwaka mpya, ambalo nalo lilikuwa Alice. Wataalamu walipochunguza baadaye wakaona kimbunga hicho kilianza kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana msimu mmoja una Alice mwanzoni na Alice mwishoni.

Uharibifu wa 1954 ndio uliozaa desturi ya kuliweka kando jina la kimbunga kilichoua. Hata hivyo, mwanzoni jina lilipumzishwa kwa muda tu. Carol lilirudi Atlantiki mwaka 1965, kisha likaondolewa moja kwa moja.

Mauritius haikuhusika na hayo. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, majina yalianza na Alix, Januari 1960, kwa orodha ya huko huko. Kila bahari ina kamati yake na orodha yake, na hakuna sheria inayozuia orodha mbili kuwa na jina moja.

Wala jina halibebi nguvu. Atlantiki imepata Katrina mara tatu: kimbunga cha 1981 kilichovuka Cuba, dhoruba hafifu ya 1999 iliyoingia Nicaragua, na kile cha Agosti 2005 kilichovunja kingo za New Orleans na kuua zaidi ya watu 1,300. Jina lilistaafishwa kwa ajili ya hicho cha tatu.

Mwambao wetu una Kenneth. Aprili 2019 kimbunga hicho kilipita kaskazini mwa Ngazija, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuuvuruga mji wa Beira. Mtwara shule zilifungwa na watu wakatakiwa kuondoka maeneo ya hatari. Watu zaidi ya 40 walikufa Msumbiji, na Wakomoro nao walizika wao. Kwa utaratibu wa sasa wa ukanda huu, jina likishatumika haliitwi tena, kwa hiyo Kenneth hakitarudi huku.

Pasifiki mashariki, Kenneth ni jina la zamu. Orodha zake sita huzunguka, hivyo Kenneth kilitokea 2005, 2011, 2017, na tena 2023, miaka minne baada ya maziko ya Cabo Delgado. Kutofutwa kwake si dharau, kwa kuwa kamati ya kule huangalia hasara ya kule. Lakini mwandishi au mwalimu wa mwambao huu anayetafuta habari za Kenneth anaweza kukutana na picha za vimbunga vilivyopotelea baharini magharibi mwa Meksiko. Mwaka na bahari viandikwe kila mara kando ya jina, vitabuni na magazetini, maana waliokufa wana haki ya kutochanganywa.

Hatari ya kutokuwa na jina kabisa ni kubwa zaidi. Kimbunga cha Aprili 1872 kilizamisha majahazi na merikebu za Sultani Barghash bandarini Zanzibar na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Cha Aprili 1952 kiliupiga mji wa Lindi. Vyote viwili hutambulishwa kwa mwaka na mahali tu, na kimbunga Hidaya kilipokaribia kisiwa cha Mafia Mei 2024, wengi walidhani mwambao wa Tanzania haujawahi kuguswa na kimbunga. Kenneth, kwa upande wake, kimo tayari kwenye orodha ya Pasifiki ya mwaka 2029.