Bagamoyo, Hija ya Waliokombolewa

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, na wengi huenda huko kuogelea, kula samaki na kutazama magofu ya Kaole. Kwa Wakatoliki wa Tanzania mji huu una uzito mwingine. Mwaka 2018 walikusanyika hapa kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji Tanzania Bara, na mahujaji wanaendelea kuja, kwa vikundi vya parokia na jumuiya, rozari mkononi. Mtalii asiyekuja kwa ajili ya sala naye ana mengi ya kujifunza akifuata nyayo zao.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner, walifika Zanzibar mwaka 1863. Huko walinunua watoto katika soko la watumwa na kupokea wengine waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Kadiri watoto walivyoongezeka, ndivyo ardhi ya kulima ya kuwatosha ilivyohitajika. Machi 1868, kwa ridhaa ya Sultani Majid, walivuka na kuanzisha misheni Bagamoyo.

Waliukuta mji wa Waislamu uliochangamka, kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha hapa pembe za ndovu. Watu waliotekwa bara nao walipitishwa hapa, kisha wakapakiwa majahazini. Misheni ilijengwa karibu kabisa na biashara hiyo, na kila fedha iliyolipwa kumkomboa mtu iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara.

Kwa sababu hiyo nashauri ziara ianzie ufukweni, penye msalaba mkubwa unaoelekea bahari, kisha ipite kwenye njia ya miembe hadi misheni. Hapo kuna mbuyu mkongwe: ndani ya shina lake umezama mnyororo, ambao inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, mhudumu wa zahanati, alimfungia punda wake. Nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho. Masista hao, Mabinti wa Maria, walitoka katika shirika lililoanzishwa kisiwani Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa huko, nalo liliwapokea hata wanawake waliowahi kuwa watumwa.

Mikono iliyolima mashamba ya misheni ilikuwa ya waliokombolewa. Walipokua waliozwa na kupewa makazi katika kijiji cha Kikristo. Maisha yao hayakuwa mepesi: kengele ilipanga saa zao za sala na za kazi, kosa lilikuwa na adhabu, na baadhi yao walitoroka. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya majengo, walianza upya pamoja na mapadre. Kisha familia za Wakristo wa Bagamoyo zikafuatana na wamisionari kufungua vituo vya bara, Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Mkristo wa Morogoro anayehiji Bagamoyo anawarudia wao pia.

Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama, nao huitwa kwa jina la mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Februari 1874 mwili wake ulilazwa humo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa Uingereza. Alikuwa Mprotestanti, na Wakatoliki walimpokea kwa heshima zote. Hata hivyo, msafara uliomleta ndio unaostahili kukumbukwa zaidi. Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi kadhaa njia ya zaidi ya kilomita 1,500. Jacob Wainwright, mmoja wa msafara huo, alihudhuria mazishi yake Westminster Abbey. Susi na Chuma hawakuwapo siku hiyo.

Mwaka 1888 pwani iliposimama na Abushiri, kiongozi wa uasi dhidi ya Wajerumani, maelfu ya watu, Waislamu kwa Wakristo, walikimbilia ndani ya misheni. Mpaka leo dini hizo mbili ni majirani: mahujaji wanapita mitaani wakiimba, na adhana inasikika kutoka misikiti iliyotangulia kanisa. Mgeni afunike mabega na magoti, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na amchukue mwongozaji mwenyeji.

Makaburini misheni imewatunza mapadre, mabruda na masista, wengi wao vijana waliouawa na homa. Ni haki yao. Lakini waliokombolewa, waliobeba mawe na kulima mashamba, hawana kumbukumbu ya kiwango hicho katika ziara za siku hizi. Mwaka 2025 Bagamoyo ilifanywa jimbo la Kanisa Katoliki. Hii ni nafasi nzuri ya kuyasoma madaftari ya ubatizo na ya ndoa, na kuyaandika majina yao ukutani ambapo kila hujaji atayasoma. Waliuzwa kwa hesabu, kama shehena. Kutajwa kwa jina ndiyo heshima ya kwanza wanayotudai.