Baada ya Matope: Bududa na Mfuko wa Dharura wa Uganda, 1995–2019

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wa mlima Elgon iliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, mashariki mwa Uganda. Watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Miili iliyopatikana ni takriban 100. Kati ya majengo yaliyofukiwa kilikuwemo kituo cha afya, ambamo baadhi ya watu walikuwa wamejikinga mvua. Serikali, jeshi na Msalaba Mwekundu walifika kuokoa na kugawa misaada. Insha hii inauliza swali linalofuata baada ya hapo: kituo cha afya, shule au daraja likifukiwa, fedha za kulirudisha zinatoka wapi? Hoja yangu ni kwamba sheria za Uganda zilijifunza polepole kutenga fedha za kuokoa watu, lakini hazikutenga fungu la kurudisha mali ya umma.

Maporomoko hayakuwa jambo geni huko. Mwaka 1997, wakati wa mvua za El Niño, watu 48 walikufa katika eneo hilohilo, ambalo wakati huo liliitwa kaunti ya Manjiya. Miteremko ni mikali, udongo ni wa volkano na wenye rutuba, na watu ni wengi. Wagisu hulima kahawa na ndizi hadi juu mlimani. Kwa hiyo serikali haiwezi kusema kwamba ilishtukizwa.

Tena Katiba ya mwaka 1995 ilikuwa imeliona jambo hili. Ibara ya 249 iliagiza kuwe na Tume ya Kujiandaa na Kushughulikia Maafa, na Ibara ya 157 ikalitaka Bunge lianzishe Mfuko wa Dharura. Tume hiyo haikuundwa katika kipindi chote ninachokijadili. Kazi yake ilibaki katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Sera ya taifa ya maafa ilitolewa mwaka 2010, mwaka uleule wa msiba wa Nametsi.

Kuhusu mfuko, miaka 20 ilipita kabla ya asilimia maalumu kutajwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 iliweka asilimia 3.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, ni asilimia 15 tu ya fedha hizo iliyokuwa ya maafa ya asili. Asilimia 85 ilikuwa ya bajeti za nyongeza. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria: mfuko ukawa asilimia 0.5, wote kwa ajili ya maafa. Msomaji anaweza kudhani kwamba waathirika walipunguziwa sana. Tukipiga hesabu, asilimia 15 ya 3.5 ni 0.525. Fungu la maafa lilibaki karibu palepale. Kilichoondolewa ni bajeti za nyongeza. Faida ya marekebisho ni kwamba mfuko ulipata kazi moja. Upungufu wake ni kwamba kazi hiyo ilielezwa kwa jumla, kukabiliana na maafa, bila kutenganisha chakula na mahema kwa upande mmoja, na ujenzi wa daraja au zahanati kwa upande mwingine. Fungu likiwa moja, mwenye njaa leo hutangulizwa, na ni haki atangulizwe. Lakini daraja halifikiwi zamu yake.

Mzigo huo huangukia wilaya. Bududa ilianza kuwa wilaya mwaka 2006, na kama wilaya nyingi za Uganda hutegemea fedha za serikali kuu, ambazo nyingi huja zikiwa zimekwisha kupangiwa matumizi. Wilaya ya namna hiyo haina akiba ya kujenga upya kilichosombwa kwa usiku mmoja.

Wapo wanaosema kwamba kujenga tena mlimani ni kupoteza fedha, na kwamba dawa ni kuwahamisha watu. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2010 familia zaidi ya 600 zilihamishiwa Kiryandongo, eneo la Bunyoro, na mwaka 2019 familia 101 za kwanza zilipelekwa Bunambutye, wilayani Bulambuli. Lakini baadhi ya waliopelekwa Kiryandongo walirudi kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao, na wengi hawakuhama kabisa. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na matope huko Bukalasi, ukaua watu zaidi ya 40 na kusomba madaraja. Daraja kama hilo hutumiwa na mama mjamzito na mwanafunzi ambao nyumba zao hazikuguswa na matope. Wao hawamo katika orodha ya wanaohamishwa, na misaada ya chakula haiwahusu. Isitoshe, waliohamishwa nao wanahitaji shule na zahanati huko waendako.

Kwa hiyo historia ya Bududa inaonyesha kwamba kuhamisha watu na kujenga upya ni gharama mbili, na zote mbili zinahitaji kutajwa katika sheria. Mambo mawili yangesaidia: kuunda tume iliyoagizwa mwaka 1995, na kuweka ndani ya mfuko sehemu inayojulikana ya mali ya umma, ambayo wilaya inaweza kuidai kwa haki badala ya kuiomba.