Jina Lililo Katikati ya Sahani

Ukitoka katikati ya mji wa Kisumu kuelekea kusini, msomaji, ukavuka barabara iitwayo Ring Road, waingia Nyalenda. Nyumba za mabati zimesongamana, vichochoro vyake hugeuka mifereji wakati wa masika, na mbele zaidi, ukipita mashamba ya mboga na mafunjo, ni ziwa na ufuko wa Dunga. Hapo ndipo nilipolelewa. Wengi waandikao habari za Nyalenda huandika juu ya maji machafu, kodi ya nyumba na kazi zisizopatikana. Mambo hayo ni kweli, wala sina haja ya kuyakana. Lakini leo nataka kukusimulia habari za muziki, na hasa habari za majina katika muziki. Kwa maana katika nchi yetu ya ziwani wimbo na jina vilikuwa vikienda pamoja kama mtu na kivuli chake, hata biashara ilipoingia kati yao.

Kilichonitia katika fikira hizi ni kisanduku kimoja cha mbao. Mzee jirani yetu, fundi wa redio, alihama chumba baada ya mvua kuingia ndani, nami nilikwenda kumsaidia kubeba vyombo. Chini ya kitanda chake palikuwa na kisanduku kilichojaa sahani za santuri, zile ndogo zizungukazo mara 45 kwa dakika. Nyingi zilikuwa zimepindika. Niliishika moja, nikaona kuwa karatasi ya duara iliyobandikwa katikati imeliwa na mende. Namba ilisalia, na jina la mfanyabiashara aliyeitoa lilisomeka vizuri; bali jina la mpiga gitaa na la mwimbaji halikuonekana hata herufi moja. Nikamwuliza mzee ni nani aliyepiga. Akajibu kwamba jina limemtoka, lakini wimbo wenyewe anaukumbuka mwanzo hata mwisho.

Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu wazee wetu hawakuujenga muziki wao hivyo. Kabla ya gitaa, chombo kikuu cha Wajaluo kilikuwa nyatiti, kinubi cha nyuzi nane kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kimelala mbele yake. Katika kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, nayo huigonga katika mti wa kinubi, na kifundoni amefunga njuga. Hivyo mtu mmoja huwa mpiga kinubi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati ule ule. Alialikwa katika matanga na katika karamu za pombe, akapiga usiku kucha.

Sasa sikiliza desturi iitwayo pakruok. Katikati ya wimbo, msikilizaji yeyote aweza kusimama akausimamisha muziki, akatoa fedha, kisha akajisifu mbele ya watu: ataje jina lake, jina la mama yake, mto wa kwao, ng'ombe wa babu yake, uzuri wa mchumba wake. Akisha kuketi, kinubi huendelea, na mpigaji huliingiza jina lile katika wimbo. Wako waidharauo desturi hii, wakiiita ulimbukeni wa kununua sifa. Mimi siafikiani nao. Katika pakruok mwenye kulipa alikuwa yeye mwenye kusikiliza, wala hapakuwa na mtu wa tatu katikati. Mpigaji hakuandikiwa mkataba na mtu. Alimpendeza jirani, na jirani akafungua mfuko. Tena hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyepiga, maana alikuwa ameketi pale pale, jasho likimtiririka.

Reli iliufikia ufuko wa ziwa tarehe 20 Desemba, 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Njia hiyo ilileta vitambaa, posta na kodi, na baadaye santuri. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, askari waliorudi makwao walileta magitaa, na vijana wa Nyanza wakaanza kutafuta juu ya nyuzi sita sauti walizozizoea juu ya nyuzi nane. Katika miaka ya 1960 tunda la kutafuta huko lilikuwa limepata jina: benga. Asili ya jina hilo yabishaniwa. Moja ya simulizi zake ni kwamba lilitoka kwa John Ogara, mmoja wa wapigaji wa mwanzo, naye alilitoa katika ukoo wa mama yake. Ukiwa na sikio la makini utaitambua nyatiti ndani ya benga. Gitaa la kwanza humfuata mwimbaji kama mwangwi, likirudia alichosema. Gitaa la besi halitulii mahali pamoja. Kisha waimbaji hunyamaza, mwendo hukazwa, na magitaa hukimbizana mpaka wachezaji waishiwe na pumzi.

Mtu aliyelieneza jina la benga kuliko wengine wote hakuzaliwa Kenya. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akavuka mpaka na gitaa lake, na kundi lake akaliita Shirati Jazz. Angalia, msomaji: mtu alihama kijiji, lakini kijiji hakikuhama ndani yake, na Wakenya wasiopata kufika Shirati wakalijua jina la mahali hapo kwa kucheza. Misiani aliimba kwa mafumbo ya wanyama, na wakubwa walipoyafumbua mafumbo hayo walimtia kizuizini zaidi ya mara moja. Alikufa katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, mwezi wa Mei, 2006.

Nafika sasa mahali penye uzito wa habari hii. Sahani za benga hazikutolewa na makampuni makubwa ya kigeni peke yake. Walikuwako wafanyabiashara Waafrika, wenye maduka madogo ya River Road katika Nairobi na katika miji ya Nyanza, waliokodi chumba cha kurekodia kwa saa chache, wakapigisha sahani kiwandani, wakaziuza juu ya meza ile ile yenye betri na taa. Walikuwa watu wa kujitegemea kwelikweli, na bila wao pengine tusingekuwa na benga ya kuisikiliza. Aliyevuma kuliko wote ni Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Sahani alizozitoa zilisafiri kusini mpaka Zimbabwe, na huko katika miaka ya 1970 watu walizipenda mno, hata muziki wenyewe wakauita kanindo. Yasimuliwa pia kwamba neno sungura, ambalo leo ni jina la aina ya muziki wa Zimbabwe, lilitoka katika alama ya sahani za Kenya.

Hebu litafakari jambo hili. Katika nchi ngeni muziki wa Wajaluo ulipata jina la mwenye duka. Simlaumu Kanindo, alifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuifanya, na jina lake lilistahili kukumbukwa. Lakini wapigaji je? Aghalabu mpigaji wa siku zile alilipwa mara moja, akatia saini au alama ya kidole, akarudi kwao kwa basi. Sahani ikiuzwa mia au maelfu, yeye ni mamoja. Hata majina ya makundi yalichanganywa. Victoria Jazz, kundi la Ochieng Nelly na Collela Mazee lililoanza mwaka 1972, lilifuatwa na sahani zenye majina kama Victoria B Kings na Victoria C Kings, hata mnunuzi wa kawaida asiweze kupambanua nani ni nani. Wala tusidhani kuwa ugomvi wa majina ni wa Nyanza tu. Malaika, wimbo wa Kiswahili unaojulikana kupita nyimbo zote, mpaka leo wengine huusema kuwa ni wa Fadhili William na wengine kuwa ni wa Adam Salim.

Kisha zikaja kanda. Katika miaka ya 1980 mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili muziki wa mwenzake katika muda wa kupika ugali. Maduka yaliyokuwa yakiishi kwa sahani yalifungwa moja baada ya jingine, na kanda iliyouzwa kando ya stendi ilikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu, au haikuwa na jina kabisa. Ajabu ni kwamba benga haikufa. Katika miaka ya 1990 Okatch Biggy na kundi la Heka Heka waliifufua kwa kurudia njia ya zamani: waliziita nyimbo zao kwa majina ya watu, hasa ya wanawake, na wasikilizaji wakalipa kusikia majina yao, kama zamani. Okatch alikufa mwaka 1997, naye bado hupigwa Nyalenda kila mwisho wa juma.

Mfano mmoja zaidi, nao ni wa karibu nasi. Job Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na baadaye akajulikana kwa jina la Ayub Ogada. Twaweza kusema alilifasiri tu jina lake la kwanza, kwa kuwa Job ndiye Ayubu. Alikwenda Uingereza katika miaka ya 1980 akapiga nyatiti chini ya ardhi, katika vituo vya treni vya London, mpaka akarekodi sahani yake En Mana Kuoyo, iliyotoka mwaka 1993. Ndani yake mna wimbo Kothbiro, maana yake mvua yaja. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika sinema The Constant Gardener. Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alichukua kipande cha Kothbiro nyingine, ya zamani zaidi, iliyopigwa na kundi la Nairobi liitwalo Black Savage, akakitia katika wimbo wake. Mamilioni ya watu waliisikia sauti hiyo bila kujua imetoka wapi, lakini katika orodha ya watungaji majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yaliandikwa. Herufi zilikuwa ndogo, nakubali. Ila herufi ndogo zina haki yake, na karatasi ya sahani ya mzee wetu haikubahatika kuwa nazo. Ogada alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50. Fanya hesabu, nawe utaona kuwa sahani iliyorekodiwa mwaka 1972 ulinzi wake ulikwisha pamoja na mwaka 2022, na kila Januari sahani za mwaka mwingine huifuata. Mpigaji ambaye hakupata kulipwa miaka hiyo yote hatalipwa tena kwa sahani hiyo. Kilichosalia kumpa ni jina lake tu.

Vijana wa rika langu hurekodi vyumbani, blanketi limening'inizwa mlangoni kuzuia kelele za bodaboda, nao hutaja majina yao mwanzoni mwa wimbo kabla ya neno jingine lolote. Hapo zamani niliwacheka. Siku hizi siwacheki.

Jioni ile, baada ya kuhamisha vyombo, mzee aliunganisha santuri yake na spika, akaipangusa sahani yenye karatasi iliyoliwa, akaiweka. Ilikwaruza sana. Magitaa yalianza, mwimbaji akaingia, na mbele ya mwendo kukazwa sauti yake ikashuka, akaacha kuimba akawa anasema tu: jina lake, jina la baba yake, kijiji chao, kisha wenzake wa gitaa mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ya watu wa benga.

Mzee akanyosha kidole kuelekea daftari langu. "Andika, nyakwara," akasema, ndivyo wazee wetu wawaitavyo wajukuu, "andika upesi, upande wa pili haulii."