Bila ridhaa

Bila ridhaa ni fungu la maneno linaloeleza tendo lililofanywa pasipo mtu anayehusika kulikubali kwa hiari yake. Ridhaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kukubali kunakotoka moyoni, na kwa hiyo mtu aliyenyamaza kwa hofu hahesabiwi kuwa ameridhia. Katika mazungumzo ya Bukavu na Walungu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husikika zaidi "kwa nguvu", usemi unaoeleweka na wote lakini wenye upungufu, kwani humfanya msikilizaji atafute alama za mapambano mwilini, ilhali vitisho peke yake vyaweza kuondoa ridhaa.

Upungufu huo si jambo dogo katika eneo la Walungu, lenye himaya za kichifu za Ngweshe na Kaziba, ambako vijiji vingi vilivamiwa na makundi yenye silaha wakati wa vita vya Kongo na baada yake, na majeruhi wa ubakaji wakapelekwa Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Sheria ya Kongo namba 06/018 ya 20 Julai 2006 huadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, ambaye kukubali kwake hakumwokoi mshtakiwa.

Fungu hili hutumika pia kuhusu ndoa: Kanuni ya Familia ya nchi hiyo ya mwaka 1987 inadai kila mchumba aridhie mwenyewe, hata kama mahari yamekwisha kupokelewa na wazazi.