Kezilahabi Ni wa Ziwa Pia

Huku Kisumu tumezoea kuambiwa Kiswahili si chetu. Eti ni cha Mombasa, Lamu na Unguja. Sisi wa Migosi na Kondele tunakiazima tu, tena tunakirudisha kikiwa kimevunjika. Ukiamini hivyo, utamweka wapi Euphrase Kezilahabi?

Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili letu. Lugha ya kwao ni Kikerewe. Na huyo ndiye aliyeigeuza riwaya ya Kiswahili juu chini.

Rosa Mistika (1971) ilimfuata msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi hadi mwisho mchungu, bila kumfunika aibu. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Mwaka 1974 kikaja Kichwamaji. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza, nilikisoma polepole sana: Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu imempa maswali tu, majibu hakuna, na hatimaye anajiua. Mwaka huo huo alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wa jadi waliwaka.

Sasa angalia vitabu hivyo vilitokea wapi. Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) vilitolewa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao Nairobi. Kichwamaji kilitoka East African Publishing House, Nairobi pia. Kichomi, Heinemann ya Nairobi. Yaani Mkerewe huyu aliwafikia wasomaji kupitia Kenya.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Meli zilizokuwa zikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba zikagawanywa kama mali ya marehemu. Tunapokumbuka mgawanyo huo tunataja ndege, reli na meli. Vitabu hatuvitaji, na hapo tulipata hasara.

Kwa sababu Gamba la Nyoka (1979), kuhusu watu kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa, ilitolewa Tanzania. Nagona (1990) na Mzingile (1991) pia zikachapishwa Dar es Salaam. Ni rahisi sana rafu ya msomaji wa Kenya kuishia 1975, na aliyeishia hapo anamjua Kezilahabi nusu: mwandishi wa huzuni, anayesimulia kijiji na mji kama vilivyo.

Nusu ya pili ni mtu mwingine kabisa. Katika Nagona msimulizi hana jina, wakati hauendi mbele moja kwa moja, na ndoto haitenganishwi na macho. Anatafuta ukweli kama mtu anayemfukuza mnyama asiyekamatika. Ni vitabu vyembamba, havifiki kurasa mia, lakini hukuachi ulivyokuwa.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kazi zake bado zimetawanyika kwa wachapishaji wa nchi mbili. Kuzisoma pamoja ni kuunganisha kilichokatwa 1977, na pia ni jibu kwa wanaotucheka. Kiswahili chenye uthubutu mkubwa hivi kiliandikwa na mtu wa visiwani mwa ziwa letu. Anza na Kichwamaji, lakini tafadhali, usiishie hapo.