Mashtaka ya Kuchekesha katika Hadithi za Unguja

Mwaka 1870 kilipigwa chapa mjini London kitabu cha hadithi za Kiswahili, kazi ya Dakta Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na ambaye mwenyewe alifanywa askofu mwaka 1874. Upande mmoja wa kitabu una Kiswahili, na upande unaoukabili una Kiingereza. Waalimu wengi wamekijua kama ghala ya lugha: wametafuta humo maneno ya zamani ya Kiunguja, wakalinganisha vitenzi, wakaandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Wachache wamekisoma kwa kucheka. Jambo hili lasikitisha, maana hadithi zake si chache zilizosimuliwa kwanza ili watu wacheke, na mtu asiyecheka hajazifahamu, hata akijua maana ya kila neno.

Ukizitazama hadithi hizo za mzaha utaona kwamba nyingi zina sura moja: ni mashtaka. Yuko mwenye kudai, yuko mwenye kudaiwa, na mara nyingi yuko Sultani au kadhi wa kuamua. Kicheko hakitoki katika mtu kuanguka matopeni, wala katika matusi. Hutoka katika hoja. Nami sioni kuwa ni ajabu kwamba Steere alizisikia hadithi hizi kwa sikio jema, kwa kuwa kabla ya kuwa padre alisoma sheria, akapata udaktari wake katika elimu hiyo.

Chukua hadithi ya Mwalimu Goso. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akaja kuiba mabuyu. Buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu, naye akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaondoka kumtafuta aliyemwua. Wakalishika kusi, kwa kuwa upepo ndio uangushao matunda. Kusi likajitetea: kama mimi ni mkubwa hivyo, mbona kiambaza cha udongo hunizuia? Wakauacha upepo, wakaenda kukishtaki kiambaza. Kiambaza kikauliza mbona panya hukitoboa. Panya akauliza mbona paka humla. Na hivyo mashtaka yakapita kwa kamba, na kisu, na moto, na maji, na wengine tena, kila mmoja akijiokoa kwa kumtaja amshindaye nguvu, mpaka wakafika kwa paa. Paa hakuwa na la kusema, akanyamaza. Basi wakamwua.

Mchekeshaji mwenye akili ametufanyia hila hapa. Wanafunzi wamempata mwuaji wa kweli, walakini hawakumpata kwa ushahidi wowote. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa alikuwa wapi siku ile. Swali lao lilikuwa moja tu, nani ana nguvu kuliko nani, na kila mwenye ulimi aliachiliwa, akahukumiwa yule aliyekosa maneno. Msikilizaji wa mjini, aliyepata kuona kesi zikienda barazani, alijua vema kinachochekwa. Tena marehemu ni mwalimu, na wanafunzi wake wametoka chuoni wakiwa na bidii nyingi na mantiki kidogo. Sisi wenye kazi hiyo yafaa tuvumilie kuchekwa kidogo.

Bingwa wa mashtaka hayo ni Abunuwasi. Mtu huyu alikuwako kweli: ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, aliyekufa karibu na mwaka 814, wakati wa makhalifa wa ukoo wa Abbas. Lakini Abunuwasi wa Waswahili ameliacha shairi akabaki na ulimi tu. Jina lake limeingia hata katika lugha, maana mwenye udhuru tayari kwa kila neno huitwa banawasi. Hadithi zake, ambazo baadhi zimo katika kitabu cha Steere na nyingine zilikusanywa baadaye, humweka mbele ya Sultani Harun Rashid. Walakini fedha anayoidai tajiri ni reale, fedha iliyotumika katika masoko ya Unguja, na mji wenyewe wafanana na Unguja kuliko Baghdad.

Iliyo maarufu kupita zote ni ile ya maskini aliyekula wali wake mkavu penye harufu ya nyama ya tajiri. Tajiri akamshtaki, akadai thamani ya harufu. Abunuwasi hakukataa dai. Hakusema kwamba harufu haina bei, kama wewe na mimi tungalivyosema. Alizitwaa reale, akazipiga zikalia, akamwambia tajiri achukue ule mlio, maana aliyeliwa harufu hulipwa sauti. Na ile ya sufuria ni vivyo hivyo: jirani aliyeazima sufuria kubwa akairudisha pamoja na ndogo, akasema imezaa, na mwenyewe akapokea kwa furaha, alipoazima tena akasema imekufa, mwenyewe alipopiga kelele aliulizwa kama kuna kizaacho kisichokufa. Katika zote mbili mwenye tamaa ameshindwa kwa sheria yake mwenyewe, aliyoikubali siku ilipomfaa.

Sasa tukumbuke hadithi hizi zilisimuliwa lini na wapi. Steere aliondoka Unguja mwaka 1868, na soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza. Kwa hiyo zilipoandikwa, watu walikuwa wangali wakiuzwa karibu na mahali zilipoandikwa. Katika mji wa namna hiyo, ambamo mnyonge hakuwa na haki ila ile aliyopewa na mkubwa wake, watu walikaa usiku wakasimulia habari za mnyonge aliyesimama mbele ya Sultani, akashinda kwa neno. Haikubadili sheria, wala sidai kwamba ilibadili. Lakini si mzaha wa watu waliokubali kwamba tajiri ana haki kwa kuwa ni tajiri.

Mizaha mingine imesafiri mbali. Kima aliyechukuliwa na papa baharini, akajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mkuyuni, alitoka Bara Hindi, katika kitabu cha Panchatantra, ambako mwenzake alikuwa mamba. Alipita Uajemi, akaingia Kiarabu katika Kalila na Dimna, kitabu kilichofasiriwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na humo mwenzake ni kobe. Pwani yetu ikampa papa. Ndani ya hadithi hiyo imo nyingine, ya punda wa dobi, aliyeponea makucha ya simba, kisha akadanganywa na sungura akarudi. Na sungura, baada ya kula moyo na masikio kwa siri, alimwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili. Hii ni hoja nzuri katika kinywa cha mwizi, na hapo ndipo waalimu wengine huona mashaka: je, yafaa kuwasomea watoto wa Kikristo habari za werevu wanaodanganya?

Mimi naona wasiwasi huo una haki kwa sungura, si kwa Abunuwasi. Sungura huiba akala. Abunuwasi wa ile kesi ya harufu hakupata hata reale moja. Tukiwafunga wote katika kifungu kimoja cha "hila" tumesoma vibaya, na tukiongeza chini ya kila hadithi mistari miwili ya mafundisho tumewanyima watoto kazi waliyoachiwa na msimulizi, yaani kutafuta wenyewe hoja ilipopindukia. Jaribu kuisoma hadithi ya Goso darasani kwa sauti, polepole, ukasimame pale paa anaponyamaza, uwaulize kama wangalimwua. Katika darasa kubwa hapakosekani mtoto wa kuuliza mbona hakuna aliyetazama juu ya mti.