Vua na Vua

Kamusi zetu zina "vua" mbili. Moja ni kinyume cha "vaa", kama "fungua" ilivyo kwa "funga". Nyingine ni ya majini, iliyozaa "mvuvi" na "uvuvi". Hazina undugu, zimefanana sauti tu. Lakini kuna mahali zinapokutana, na pananifurahisha sana: vijito vya Wisconsin, Marekani, wakati wa baridi kali.

Kati ya Januari na Machi, theluji ingali imetanda kingoni, wadudu wadogo weusi waitwao inzi wa mawe hutambaa kutoka majini, ngozi ikapasuka mgongoni, wakajivua gamba na kutoka na mbawa. Wanaoangukia mtoni huliwa na samaki aina ya trauti. Naye mvuvi hurusha ndoana iliyofungwa uzi mweusi na manyoya ya ndege, mfano wa mdudu yule yule. Mdudu ajivua, mtu avua!

Wavuvi wasemao Kiingereza huliita tukio hilo kuanguliwa, ingawa hakuna yai linalopasuka. Watafsiri wenzangu, tusiwafuate. "Kuanguliwa" ni kwa kifaranga. Mdudu huyu hujivua gamba.